Tafakuri si mawazo: funga hesabu ya nafsi yako kabla hujalala

Jioni moja, kabla ya Maghrib, shilingi 12,000 zilipungua dukani kwangu. Nina duka dogo la nafaka hapa Mombasa, na kila siku kabla sijafunga mlango hukaa na daftari nikahesabu kilichoingia, kilichotoka na kilichokopwa. Jioni ile hesabu ilikataa. Nikarudia mara tatu, ikakataa mara tatu.

Aliyekuwa akiuza mchana ule ni mwanangu wa kiume, kijana wa miaka 19. Sikumuuliza. Nilimfuata barazani alipokuwa akinywa kahawa na wenzake, nikamwambia mbele ya watu maneno ambayo mzazi hafai kumwambia mwanawe. Hakunijibu. Aliweka kikombe chini, akaondoka, na usiku ule akalala kwa mjomba wake Likoni.

Siku ya tatu akapita mtu anayeniletea mchele, akanishukuru kwa yale malipo. Pesa zile nilimpa mwenyewe, kwa mkono wangu, saa ya adhuhuri, nikasahau kuziandika.

Ndugu msomaji, siku hizo tatu sikulala. Lakini kukosa usingizi hakukunifunza lolote. Nilikuwa nikiwaza tu. Nilimlaumu kijana, kisha biashara, kisha marehemu baba yangu aliyenirithisha hasira zake, kisha nikarudi tena kwa kijana. Siku ile ya mchele ndipo nilipojiona: duka nalihesabu kila jioni kwa zaidi ya miaka 20, na nafsi yangu sijaihesabu hata jioni moja.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma na kujaribu jambo hili la kutulia na kujihesabu. Makala haya ni kukueleza nilichokielewa: kitu hiki ni nini, chafanyaje kazi mwilini na moyoni, tunakifanyaje katika nyumba zetu hizi zilizojaa watu, na ni wapi mwisho wa nguvu zake.

Mawazo na tafakuri

Sisi watu wa pwani twasema, "Fulani ana mawazo." Hatumsifu kwa werevu. Twamwonea huruma. Twajua kwamba mtu huyo hali vizuri, halali vizuri, na ukimsemesha hukujibu nusu. Lugha yetu ilikwisha kutambua kwamba kuwaza sana kwaweza kuwa maradhi.

Mawazo ya aina hiyo ni kama ngamia wa kinu cha mafuta ya simsim. Atembea kutwa nzima, amefungwa macho, na jioni yuko pale pale alipoanzia asubuhi. Tofauti ni kwamba ngamia angalau ametoa mafuta.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Susan Nolen-Hoeksema, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Yale, alitumia miaka mingi kuchunguza tabia hii ya kucheua huzuni kama ng'ombe anavyocheua majani. Aliona kwamba mtu mwenye huzuni akikaa akiizungusha kichwani, akijiuliza kwa nini mimi, kwa nini leo, kwa nini kila siku, huzuni yake huwa nzito zaidi na hudumu zaidi kuliko ya mtu ambaye hakufanya hivyo.

Basi mtu akikwambia "kaa peke yako ufikiri", na wewe una mawazo tayari, huenda amekupa sumu badala ya dawa. Ndiyo maana yafaa tujue tofauti mapema.

Tafakuri ina mwanzo na mwisho. Una wakati wa kuketi na wakati wa kuinuka. Mawazo hayana saa, yanakufuata chooni, kazini na kitandani. Tafakuri huuliza nini kilitokea, mimi nilifanya nini, na kesho nifanye nini. Mawazo huuliza maswali yasiyo na jibu. Na mwisho wa tafakuri kuna jambo moja la kutenda, hata likiwa dogo. Mwisho wa mawazo kuna uchovu.

Kwa nini kutulia ni kugumu

Wengi wetu tukijaribu kukaa kimya dakika tano twaona tumeshindwa, twadhani tuna kasoro. Hapana. Akili ya mwanadamu ndivyo ilivyo. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha utafiti uliowahusu watu 2,250 waliokuwa wakiulizwa kupitia simu zao, saa yoyote ya siku, wanafanya nini na wanafikiria nini. Karibu asilimia 47 ya nyakati walizoulizwa, akili zao hazikuwa kwenye kile walichokuwa wakifanya. Na akili ilipokuwa imetangatanga, watu kwa jumla walisema hawana furaha kama ilipokuwa imetulia.

Mwaka 2014 Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake walifanya jaribio la ajabu zaidi. Waliwaweka watu chumbani peke yao dakika 15, bila simu, bila kitabu, na fikra zao tu. Pembeni palikuwa na kitufe cha kujipiga shoti ndogo ya umeme. Hao ni watu waliokwisha kuionja shoti hiyo na kusema wangelipa pesa wasiipate tena. Hata hivyo wanaume 12 kati ya 18 walijipiga, na wanawake 6 kati ya 24. Kukaa na nafsi zao kuliwashinda, wakaona heri umeme.

Sisi hatuna kitufe hicho, lakini tuna simu. Mtu akiona kimya kinamjia hufungua simu. Wengine hukimbilia muguka, wengine makubwa zaidi ya hayo, na familia za pwani zinajua vizuri makubwa hayo yamewafikisha wapi vijana wetu. Kukimbia nafsi kuna gharama, na mara nyingi nyumba nzima huilipa.

Pumzi yafanya nini mwilini

Ukikasirika au ukiogopa, mwili hujitayarisha kupigana au kukimbia. Humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo hudunda, misuli hukaza, tumbo hufunga. Zamani hali hiyo ilimwokoa mtu na simba. Leo yaamshwa na mwenye nyumba anayedai kodi, na simba huyu haondoki. Mwili ukikaa hali hiyo siku baada ya siku, usingizi huharibika na hasira huwa karibu.

Moyo hatuwezi kuuamrisha upunguze mwendo. Pumzi twaweza. Ukitoa pumzi polepole, mshipa mkubwa wa fahamu utokao kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni hupeleka ujumbe kwamba hatari imepita, na moyo hupunguza kasi. Ndiyo maana mtu akishusha pumzi baada ya habari njema, mwili wote hulegea.

Daktari wa moyo Herbert Benson wa Harvard aliandika kitabu juu ya hali hiyo ya kulegea mwaka 1975, baada ya kuwapima watu wakiwa wametulia na kurudia neno moja kimoyomoyo. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha. Tangu hapo mafunzo ya namna hiyo yameenea hospitali nyingi duniani. Hayaponyi kila kitu, lakini yamewasaidia wengi kupunguza wasiwasi na kuishi na maumivu.

Je, ni mambo ya kigeni?

Kabat-Zinn mwenyewe alijifunza kutoka kwa Mabudha, na hapo ndipo baadhi ya wazee wetu hukunja uso. Nawaelewa. Lakini kutulia na kujichunguza si mali ya watu wa upande mmoja. Majirani zetu Wakristo wana sala zao za kimya. Na sisi Waislamu wa pwani tuna majina yake tayari: tafakuri, na muhasaba, yaani kuhesabiana na nafsi.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar aliwausia watu wajihesabu wenyewe kabla hawajahesabiwa. Katika karne ya 9 palikuwa na mwanachuoni mzaliwa wa Basra, al-Harith, aliyeishi Baghdad hadi kufa kwake mwaka 857. Aliishughulikia sana hesabu ya nafsi hata watu wakamwita al-Muhasibi.

Karne hiyo hiyo akazaliwa Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934. Yeye aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na afya ya nafsi kwa pamoja. Tazama maradhi manne ya nafsi aliyoyachambua: ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi. Hakuna haja ya mkalimani, maneno yote manne tunayo midomoni. Al-Balkhi alishauri kwamba kama mtu mzima wa afya anavyoweka dawa nyumbani kwa dharura, basi aweke pia fikra njema moyoni siku za utulivu, ili siku ya msiba au hasira azikute karibu. Sikuwa na akiba hiyo jioni ile barazani.

Imamu Ghazali naye aliyapitia haya kwa mwili wake. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mashuhuri Baghdad, na ghafla ulimi ukamfunga, akashindwa kufundisha, chakula kikawa hakipiti. Matabibu walisema shida imeanzia moyoni na dawa zao haziwezi kuifikia. Akaacha cheo akaondoka. Baadaye, katika Ihya, kitabu ambacho masheikh wetu wanakijua sana, alitenga mlango mzima wa kuichunga na kuihesabu nafsi, na mwingine wa tafakuri.

Mfano aliotumia ni wa kibiashara, kwa hiyo sisi wenye maduka tunauelewa haraka. Anasema nafsi yako ni kama mshirika wako wa biashara. Asubuhi unawekeana naye masharti. Mchana unamwangalia. Jioni unakaa naye mkapiga hesabu, na akikosea unamkemea na kumrekebisha. Lakini mfanyabiashara mwenye busara hamfukuzi mshirika kila jioni kwa kila kosa, maana kesho atafungua duka na nani?

Namna ya kufanya

Mimi nafanya hivi, kwa jumla ya dakika 15 hivi baada ya Isha. Si lazima ufuate saa yangu.

Kwanza ni kutulia, dakika 5. Keti kwenye mkeka, kiti au msala, mgongo umenyooka bila kujikaza. Simu iache chumba kingine. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu moja hadi nne, kisha itoe polepole ukihesabu moja hadi sita. Hiyo ni kama pumzi 6 kwa dakika, yaani pumzi 30 tu kwa dakika 5. Akili itaondoka, itakwenda sokoni, itakwenda kwa aliyekutukana. Ukigundua imeondoka, irudishe kwenye hesabu bila kugombana nayo. Kuirudisha ndiko zoezi lenyewe. Ukiirudisha mara 20, umefanya zoezi mara 20.

Pili ni kuhesabu, dakika 10. Chukua daftari na uandike sehemu tatu. Ya kwanza ni kilichoingia: mema uliyoyapata leo, hata kama ni jirani aliyekupasha habari njema. Ya pili ni kilichotoka: ulichosema na ulichotenda, kizuri na kibaya, kama kilivyokuwa. Ya tatu ni deni: nani unadaiwa naye samahani, simu, ziara au pesa.

Andika matendo, usijitukane. "Mimi ni baba mbaya" si hesabu, ni matusi. "Leo nilimkatiza mke wangu mara mbili alipokuwa akizungumza" ni hesabu, kwa sababu kesho waweza kuirekebisha.

Ukiona jambo linakuchoma, jiite kwa jina lako kama unayemnasihi rafiki: "Wewe fulani, kilikukasirisha nini hasa?" Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake wameonyesha kwamba mtu akijisemesha kwa jina lake badala ya kusema "mimi", huliona jambo kwa umbali kidogo na hisia hupungua makali. Ndivyo tulivyo, shauri la mwenzetu hutukalia wepesi kuliko letu.

Kuandika nako kuna faida yake. Mwaka 1986 James Pennebaker na mwenzake huko Marekani waliwataka wanafunzi waandike dakika 15 kwa siku 4 mfululizo. Wale walioandika juu ya mambo mazito yaliyowapata walitoka chumbani wakiwa na huzuni zaidi, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Basi usishangae ukiinuka siku ya kwanza moyo ni mzito.

Tatu ni kufunga daftari. Chagua deni moja utakalolilipa kesho. Moja tu. Kisha funga, ukalale. Yakikujia tena kitandani, yaambie hesabu imefungwa, duka litafunguliwa kesho.

"Nyumba yangu haina nafasi"

Dada yangu aliniambia hivyo. Ana watoto wanne, mama mkwe mgonjwa, na mume aliye kazini Ughaibuni. Hana chumba cha peke yake wala hapendi kuandika. Anachofanya ni kuamka kabla ya watoto, na wakati chai inachemka jikoni hufanya pumzi zake 30. Usiku hujirekodi sauti dakika mbili kwenye simu, akataja deni lake la kesho, kisha huifuta. Aliniambia jambo la kwanza alilogundua: hasira anazowatolea watoto saa ya Maghrib huanza saa tisa mchana, pale anapongojea simu ya mume isiyokuja. Sasa saa hiyo hutoka kibarazani hewa impige. Watoto hawajui kilichobadilika, ila wanajua Maghrib imepoa.

Wengine kuketi hakuwafai kabisa. Basi tembea. Ufukwe wa Mama Ngina ni wetu sote. Tembea polepole, sikiliza mawimbi, hesabu hatua badala ya pumzi.

Mpaka wake uko wapi

Nisikudanganye. Kutulia hakulipi kodi ya nyumba. Hakumpi kijana kazi wala hakurudishi shamba lililochukuliwa. Mtu anayeonewa asiambiwe avute pumzi anyamaze. Faida ya moyo uliotulia ni kwamba ukienda kudai haki yako unakwenda na akili zako zote.

Pili, kuna waliopitia mambo mazito, kama kupigwa, kubakwa au kupotelewa na mwana, ambao wakifunga macho picha hurudi. Watafiti wameona kwamba kwa baadhi ya watu kutafakari huzidisha wasiwasi. Ikiwa ndivyo kwako, acha. Fungua macho, shika kitu cha baridi, zungumza na mtu, na jambo hilo ulifanye pamoja na mtaalamu, usilifanye peke yako.

Tatu, huzuni ikidumu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ukakosa usingizi na hamu ya kula, ukasikia sauti wasizozisikia wengine, au ukawaza kujidhuru, hapo daftari halitoshi. Nenda hospitali. Port Reitz hapa Mombasa kuna kitengo cha maradhi ya akili, na zahanati iliyo karibu nawe yaweza kukuelekeza. Kusomewa dua na kumeza dawa havigombani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi ya nafsi ni maradhi kama mengine.

Deni langu

Siku ile ya mchele nilipanda feri nikaenda Likoni. Nikamwomba mwanangu samahani sebuleni kwa mjomba wake. Akakubali, akarudi nyumbani. Nikadhani yamekwisha, ila kijana alikuwa akinijibu "ndiyo Baba, sawa Baba", na kahawa hakuenda kunywa tena.

Wiki kadhaa baadaye, nikiwa na daftari langu baada ya Isha, niliandika kisa kile kama kilivyokuwa: nani alikuwepo, nilisimama wapi, nilisema nini. Nilipoandika "mbele ya watu" kalamu ikasimama. Nilimvunjia heshima barazani, nikamlipa sebuleni. Deni lilikuwa bado.

Ijumaa, baada ya Alasiri, nilimwomba tufuatane. Mbele ya wale wale waliosikia, nikasema pesa hazikuibwa, nilizitoa mwenyewe nikasahau, na niliyoyasema yalikuwa makosa yangu. Hakuna aliyenena neno. Kisha mwanangu akasogea, akanipa nafasi kwenye baraza, akasema, "Kaa, Baba. Kahawa itapoa."

Siku hizi jioni hesabu za duka anazipiga yeye. Na malipo ya mchele nayaandika kabla sijatoa pesa.